Kwa Utani, kwa Mzaha au kwa Kejeli?

Muhula uliopita, katika zoezi la tafsiri, mwalimu wetu aliandika ubaoni sentensi moja ya Kiingereza. Ilimhusu mzee aliyelazwa hospitali. Daktari anamuuliza hali yake, naye mzee anajibu kwamba ana mpango wa kufikisha miaka 200, ila kama chakula cha hospitali kitamwahi. Mwishoni mwa sentensi kulikuwa na neno moja lililotukwamisha sote: "facetiously".

Tulikuwa 11 darasani. Tulipokusanya majibu, tukakuta mzee wetu amesema maneno yale yale kwa namna tano. Kwa baadhi yetu alisema kwa utani, kwa wengine kwa mzaha. Wapo waliomfanya aseme kimasihara, kwa dhihaka na hata kwa kejeli. Wazee watano wamelazwa kitanda kimoja! Mzee wa kejeli anambeza daktari. Mzee wa dhihaka anamcheka usoni. Mzee wa masihara hajali kwamba anaumwa. Mzee wa mzaha anachangamsha wodi tu. Na mzee wa utani je? Hapo ndipo ubishi ulipoanza, kwa sababu mwenzetu mmoja aliyelelewa na bibi yake Tanga hadi alipokuwa na miaka tisa aliinua kichwa na kuuliza: "Utani na daktari? Kwani daktari ni mtani wake?"

Hatukuwa na jibu. Mwalimu akafunga kitabu chake, akatuambia turudi wiki inayofuata na historia ya neno hilo, kisha tumweleze kwa nini Kiswahili kinatusumbua hapo. Makala hii imetokana na kazi hiyo.

Irabu zinazoonekana lakini hazisikiki

Tuanze na umbo la neno. Liandike herufi moja moja na utakutana na rafiki zako wa utotoni: a, e, i, o, u. Zimo zote, kila moja mara moja tu, na zimepangwa vile vile tulivyokuwa tukiziimba kabla ya kujua kusoma. Mwishoni inafuata y, ambayo Waingereza nao huihesabu kama irabu pale inapotamkwa kama i. Kwa sababu hiyo wapenzi wa mafumbo ya maneno wanalipenda sana neno hili.

Lakini lisome kwa sauti. Utasikia kitu kama "fasiishasli". Ile e imegeuka i, na o na u zimemezwa pamoja zikawa mnong'ono. Sisi tuliozoea kwamba kila irabu hutamkwa kama ilivyoandikwa, tunaliona neno limejaa, tukilisikia tunaona limepungua. Tuliona inafaa kuanza na hilo, kwa kuwa maana yake nayo ina tabia hiyo hiyo: iliyoandikwa katika historia si ile inayosikika leo.

Kisarufi ni kielezi. Mzizi wake ni kivumishi "facetious", kisha kikaongezwa kiambishi tamati -ly. Kiambishi hicho kina asili ya kuvutia. Katika Kiingereza cha kale kilikuwa -lice, na kina undugu na neno "lic" lililomaanisha mwili au umbo. Kwa hiyo kufanya jambo kwa -ly ilikuwa kulifanya likiwa na umbo la kitu fulani. Sisi tuna ki- inayofanya kazi karibu na hiyo: kitoto, kiungwana, kizembe, kimzaha. Wao wanaweka nyuma, sisi tunaweka mbele.

Baba anamwandikia mwanawe chuoni

Kivumishi chenyewe kiliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kifaransa, ambako "facétieux" alikuwa mtu mcheshi na "facétie" ulikuwa mzaha. Kifaransa nacho kilirithi kutoka Kilatini. Huko Roma neno lilikuwa "facetus", na lilikuwa sifa njema. Mtu "facetus" alikuwa amepigwa msasa, ana adabu za mjini, na ulimi wake mwepesi hauchubui mtu.

Ushahidi mzuri zaidi tuliupata kwa Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma. Mwaka 44 KK alimwandikia mwanawe Marcus kitabu kuhusu wajibu wa mtu, kiitwacho De Officiis. Marcus wakati huo alikuwa kijana wa miaka 21 hivi, yuko Athene kwa masomo, mbali na nyumbani. Tulipofika hapo tulicheka, maana ni baba yule yule tunayemjua sote: mwana yuko ng'ambo anasoma, baba anamtumia nasaha kurasa kwa kurasa. Tofauti ni kwamba siku hizi zinakuja kwa WhatsApp, tena zimesambazwa mara nyingi.

Kati ya nasaha zile kuna hii: mzaha uko wa aina mbili. Upo wa kishenzi, wenye ufidhuli, uchafu na aibu. Na upo wa kistaarabu, wenye akili na ladha, na huu ndio aliouita kwa neno lililozaa neno letu. Cicero hamkatazi mwanawe kutania. Anachomtaka ajue ni aina ipi inamfaa muungwana, na kwamba mzaha ni kama usingizi: ni wa kupumzikia baada ya kazi nzito.

Miaka 11 kabla ya hapo, katika kitabu chake kingine, De Oratore, alikuwa ameshatoa sehemu ndefu kuhusu kicheko. Anayezungumza sehemu hiyo ni Caesar Strabo, mtu aliyesifika kwa ucheshi. Anaeleza kwamba msemaji wa heshima na mpuuzi wa kuchekesha watu wanatenganishwa na mambo machache: kujua wakati, kujizuia, na kutotania mara kwa mara. Anaonya pia kwamba mtu asimcheke aliyefanya uovu mkubwa wala aliyepatwa na dhiki kubwa. Wa kwanza anastahili zaidi ya kicheko, wa pili hastahili kuchekwa.

Jinsi neno lilivyoshuka cheo

Sasa linganisha na leo. Hapa Uingereza ukiambiwa kwamba unazungumza "facetiously", hujasifiwa. Mara nyingi umeambiwa kwamba umeleta mchezo pasipo mchezo: watu wako makini, wewe unachekesha. Sifa ya muungwana imegeuka karipio. Imekuwaje?

Neno lilipita mikono mingi. Katika karne ya 15 Mtaliano Poggio Bracciolini, aliyekuwa katibu katika ofisi za Papa, alikusanya visa vya kuchekesha kwa Kilatini na kuviita Facetiae. Mwishoni mwa kitabu anasimulia kwamba makatibu wa Papa walikuwa na mahali pao pa kukutana na kupashana habari na visa, palipoitwa Bugiale, yaani kama kiwanda cha uongo. Wasomaji wenye wajomba wanaoshinda barazani wataipata picha mara moja. Kitabu kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1470, na visa vyake vingi haviwezi kusimuliwa mbele ya wakwe. Ile aina ya kwanza ya Cicero ilikuwa imeshaingia ndani ya nyumba ya aina ya pili.

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, bado alilieleza neno kwa furaha, uchangamfu na werevu wa maneno. Hakulitia lawama. Lakini katika karne ya 19 wauza vitabu wa Uingereza walikuwa wakilitumia lile la Kilatini, "facetiae", kama jina la heshima la kuficha vitabu vya matusi na ngono katika orodha zao. Na kielezi chetu kikaendelea kuteremka polepole hadi hapa kilipo.

Tuna maelezo yetu kuhusu sababu, nayo ni haya. Mzaha ukifaulu, hakuna anayehangaika kutaja namna ulivyosemwa. Watu wanacheka, mazungumzo yanaendelea. Kielezi kinahitajika pale mzaha unapokwama, aliyesema anapolazimika kujitetea, au aliyesikia anapotaka kulalamika. Neno linaloitwa kila siku kwenye ajali, mwisho litanuka ajali.

Sanduku letu la maneno

Tulirudi darasani na historia hiyo, tukamwaga mezani na maneno yetu wenyewe. Mengi yalikuwa na pasipoti ya Kiarabu. Mzaha ni la Kiarabu. Dhihaka linatokana na mzizi wa Kiarabu wa kucheka, ingawa kwetu si kila kicheko, ni kile cha kumdharau mtu. Masihara ni la huko huko. Mwenzetu mwenye jamaa Muscat alitueleza kwamba nyanya yake husema "masihara" akizungumza Kiswahili na "maskhara" akigeukia Kiarabu, na hasira yake ni ile ile katika lugha zote mbili. Kwa hakika, ukitaka kutafsiri karipio la Kiingereza la leo, hakuna linalokaribia kama hili: "Acha masihara!" Ladha ya lawama imo, na ile ya wakati usiofaa imo pia.

Utani ni tofauti. Hili ni la Kibantu, na ndani yake mna mtu. Mzaha hauna mtu wake: hatuna "mzaha wangu" kwa maana ya mwenzangu wa kufanyiana mzaha. Lakini mtani wangu yupo, na mimi ni mtani wake. Kitenzi chake kinadai mtendwa: nakutania, ananitania, tunataniana. Ukisema "nilitania" peke yake, msikilizaji anaweza kukuuliza, "Ulimtania nani?" Kielezi cha Kiingereza kinaweza kuning'inia mwisho wa sentensi bila kumjua aliyeambiwa. Utani hauwezi.

Wanaanthropolojia walilishughulikia jambo hili mapema. A. R. Radcliffe-Brown, Mwingereza, aliandika makala maarufu mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya aina hii katika jamii mbalimbali. Alieleza kwamba ni uhusiano ambao ndani yake mtu ameruhusiwa, na pengine analazimika, kumchokoza mwenzake, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, R. E. Moreau aliandika hasa kuhusu utani wa Tanganyika. Kazi yake rasmi huko Amani, katika milima ya Usambara, ilikuwa utafiti wa ndege, tena ndege wenye manyoya. Inaonekana hata mtafiti wa ndege akikaa Tanga muda mrefu, utani utamfikia tu.

Wengi wetu tunaujua utani kwa sura yake ya mpira: Simba na Yanga ni watani wa jadi, na mshindi ana haki ya kumnyima mwenzake usingizi hadi mechi ijayo. Lakini wenyewe ni mpana kuliko uwanja. Kuna utani wa makabila, kama Wanyamwezi na Wazaramo, ambao mara nyingi huelezwa kwa misafara ya karne ya 19 iliyotoka bara na kuteremka pwani: watu waliokuwa wakipita katika nchi ya wenzao walihitaji namna ya kuishi nao bila kupigana. Kuna utani wa mabinamu na wa mashemeji. Kuna watani msibani, ambao wakati wengine wanalia wao wanamwigiza marehemu, wanadai walipwe ndipo mazishi yaendelee, na bado wanachota maji na kupika. Caesar Strabo angeshtuka: mzaha mbele ya dhiki kubwa! Lakini pale hakuna anayeuliza kama wakati unafaa. Watu wanauliza tu kama huyo ni mtani. Akiwa mtani, wakati ni wake.

Na kuna utani wa babu na mjukuu.

Mke wa babu

Tulipofika hapo, mwenzetu mmoja ambaye muda wote alikuwa kimya alituomba tumsikilize. Tunasimulia kwa ruhusa yake, na jina lake tunalihifadhi.

Alizaliwa hapa hapa Uingereza. Babu yake yuko Tabora. Kila Jumapili, mama alipomaliza kuzungumza na baba yake, simu ilipewa mtoto, na babu alianza: "Mke wangu hujambo? Mbuzi wa mahari nimeshapata wawili, lini nije kukuchukua?" Alipokuwa mdogo alicheka kwa sababu mama alikuwa akicheka. Alipofikisha miaka 11 hakucheka tena. Shuleni walikuwa wamefundishwa, na walifundishwa vyema, kwamba mtu mzima akikwambia jambo linalokukera, sema hukulipenda. Naye alielewa kila neno la babu: mke, mahari, kukuchukua. Akamwambia mama, "Mwambie babu mimi si mke wake. Sipendi."

Mama akafikisha ujumbe. Babu akajibu, "Nimesikia." Jumapili iliyofuata alisema: "Hujambo mjukuu wangu? Masomo yanaendeleaje?" Na hivyo ndivyo alivyosema kila Jumapili kwa miaka tisa. Mazungumzo yao yalikuwa ya dakika mbili. Afya, masomo, baridi, Mungu akubariki. Mwenzetu alidhani babu yake ni mtu mkali asiye na maneno mengi.

Siku ile darasani, mwenzetu wa Tanga alipoeleza kwamba babu kumwita mjukuu wa kike mke wake ndiyo salamu ya kawaida kabisa ya utani, na kwamba mjukuu alipaswa kumjibu kuwa hataki mume mzee asiye na meno, yeye aliinamisha uso. "Nilijua Kiswahili," alituambia. "Kila neno nililijua."

Alichokosa kilikuwa kielezi. Lakini ukiitazama tena sentensi ya babu, kielezi hakimo. Babu hakusema "nakuambia kwa utani", wala hakukonyeza jicho, maana simu ya enzi hizo haikuwa na picha. Hakuona haja. Ubabu wake ndio uliokuwa kielezi. Kwa Mtabora yeyote, kujua kwamba anayezungumza ni babu na anayeambiwa ni mjukuu kunatosha kujua namna maneno yalivyosemwa. Sisi tuliokulia huku tulirithi maneno, lakini orodha ya nani ni mtani wa nani haikuja nayo. Haimo katika kamusi, na wazazi hawakutufundisha kwa kuwa wao wenyewe hawakumbuki kufundishwa.

Hatusemi kwamba njia ya Kiingereza ni mbaya. Msichana wa miaka 11 alikuwa na haki ya kusema hapendi, na babu alimsikiliza, jambo ambalo si kila mtu mzima hulifanya. Wala hatusemi utani haukosewi. Tunawajua watu wazima wanaotukana kisha wanasema "nilikuwa natania", wakati hawana utani wowote na waliyemtukana. Wahenga walishaonya: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tunachosema ni kwamba lugha hizi mbili zinaulinda mzaha kwa milango tofauti. Kiingereza, tangu Cicero hadi leo, kinamtazama msemaji na wakati: je, amejizuia, je, mahali panafaa? Kiswahili kinawatazama wawili: huyu ni nani kwa yule? Mwenye kutafsiri kutoka mlango mmoja hadi mwingine lazima aulize swali ambalo sentensi ya kwanza haikuuliza.

Jibu letu kwa mwalimu

Kwa hiyo tulimrudisha mzee wetu hospitalini. Tulikubaliana, kura 9 kwa 2, kwamba alisema "kwa mzaha". Kejeli na dhihaka tulizifuta kwa kuwa hakumdharau daktari. Masihara tuliyafuta kwa kuwa katika sentensi ile hakuna aliyemlaumu. Daktari akinuna, tutayarudisha. Utani tuliuweka pembeni kwa masharti: tukiambiwa kwamba daktari ni shemeji yake, au mjukuu wake, tutafuta kielezi chote na kuandika kwa neno moja, "akamtania". Mwalimu alitupa alama nzuri, kisha akasema kwamba ametupa kwa mzaha. Hadi leo hatujui alimaanisha nini.

Wale wawili waliopinga bado wanashikilia kwamba mgonjwa na daktari wake, wakishaonana kila asubuhi kwa mwezi mzima, huwa watani. Ukurasa wa barua uko wazi kwa yeyote anayetaka kuwaunga mkono.

Na mwenzetu? Jumapili iliyofuata alipopewa simu hakungoja aulizwe masomo. Alisema haraka, kabla hajaogopa: "Mume wangu hujambo? Wale mbuzi wangu wako wapi?"

Anasema kulikuwa na kimya kirefu, hata akadhani simu imekatika. Kisha babu akasema, "Umechelewa, mama. Nilishawachinja, nikaoa mwingine."

Walizungumza dakika arobaini.